Maumivu Yasiyoonekana si Uongo wala si Pepo



Kutoka Kirumba hadi Igoma, na ng'ambo ya maji huko Ukerewe, wapo ndugu zetu wanaoumwa kwa miaka. Mmoja alipona mkanda wa jeshi, lakini ubavu haujaacha kumchoma. Mwingine ana kisukari, na nyayo humwaka moto usiku kucha. Picha za eksirei hazionyeshi kitu. Hapo ndipo tunapoanza kuhukumu: anadeka, ni mvivu, amerogwa. Na daktari akimwelekeza kliniki ya magonjwa ya akili, jumuiya nzima hunong'ona kwamba amerukwa na akili.

Twasema waziwazi kwamba huo ni udhalimu. Maumivu ya muda mrefu na sonona hukaribiana katika ubongo, na kila moja huchochea mwenzake. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona na ya bei nafuu, hutolewa usiku kwa kipimo kidogo kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, hata kwa asiye na sonona. Haimsaidii kila mtu, na anayesaidika hungoja wiki kadhaa. Basi anayeiacha siku ya tatu kwa kuogopa kuitwa mwehu, ni midomo yetu iliyomnyima tiba.

Hatuwalaumu waamini peke yao. Mhudumu anayempeleka mgonjwa huko ili kumwondoa mlangoni pake, bila kumpima wala kumweleza sababu, naye anadhulumu. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilikumbusha kwamba maelezo ya mgonjwa juu ya maumivu yake yaheshimiwe.

Wapo pia wanaohubiri (tena wenyewe wakiwa wazima!) kwamba maumivu ni msalaba usiotulizwa. Hao wakumbuke kwamba Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kuwa ni halali kutuliza maumivu kwa dawa kali.

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kuendeshwa na Baraza letu la Maaskofu kwa ubia na Serikali, ina idara ya magonjwa ya akili. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wamsindikize mgonjwa mpaka pale mchana kweupe. Na kama anatoka Ukerewe, sadaka ya jumuiya ilipe kwanza nauli yake ya meli, kwenda na kurudi.