Neno Moja Lenye Njia Mbili

Tuseme huko Katindo, mjini Goma, mlinzi wa usiku amefukuzwa kazini, na shauri lake lasikilizwa. Aeleza kwa Kiswahili: "Niliacha kazi usiku ule, nikampeleka mtoto hospitali." Mkalimani atafsiri kwa Kifaransa kwamba amejiuzulu. Kumbe, alitoka kwa saa chache tu! Lakini aliyejiuzulu atadaije kwamba amefukuzwa?

Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 yakataza kumfukuza mwenye mkataba usio na kikomo pasipo sababu halali. Tena yaagiza shauri lipelekwe kwanza kwa Mkaguzi wa Kazi, apate kuwapatanisha, kabla ya kufika mahakamani. Hapo ndipo maneno huandikwa. Nayo yakiisha kutiwa sahihi, ni vigumu kuyafuta.

Basi twawasihi: msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Ombeni isomwe tena kwa Kiswahili, polepole. Nawe mkalimani, neno likiwa na njia mbili, uliza kwanza. Usimwongezee bwana wa kazi, wala usimpunguzie mfanyakazi. Lipeleke neno kama lilivyotoka kinywani.