Miaka kumi ya Sumaye ilikuwa kazi ya nani?

Abiria anayeshuka Mikocheni kwa Warioba hahitaji kujua kwamba Jaji Joseph Warioba alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu mwingine, ana barabara inayotoka Magomeni kwenda Morocco. Edward Sokoine ana yake kando ya bandari. Frederick Sumaye alikaa kwenye kiti hicho cha Waziri Mkuu tangu tarehe 28 Novemba 1995 hadi 30 Desemba 2005, miaka kumi na mwezi mmoja bila kukatika. Hata Kassim Majaliwa, aliyeondoka Novemba 2025, alipungukiwa na siku chache tu kutimiza kumi. Lakini ukimtaja Sumaye kijiweni, la kwanza utakalosikia ni lile jina la kejeli, "Ziro", ambalo wapinzani wake walilipenda na magazeti yakalibeba bila kuona haya.

Toleo hili linamhusu yeye, na halikuandaliwa kwa ajili ya kumsafisha. Tunataka kudai jambo moja ambalo tumelijadili kwa miezi kadhaa katika chumba chetu cha habari: waziri mkuu wa Tanzania tunamkumbuka kwa namna alivyoondoka, na kazi aliyoifanya akiwa ofisini tunaiacha ipotelee kwenye jina la Rais. Sokoine alifariki katika ajali ya gari karibu na Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, na mpaka leo anazungumzwa kana kwamba aliongoza miaka ishirini. Hayati Edward Lowassa alikaa miaka miwili na kidogo, akajiuzulu tarehe 7 Februari 2008 kwa sababu ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, na kujiuzulu huko kukawa ndiyo habari yake yote hadi alipogombea urais mwaka 2015. Sumaye hakufa ofisini wala hakung'olewa. Rais Benjamin Mkapa alimaliza muda wake, naye akamaliza wake. Basi hatuna kisa cha kusimulia.

Lawama hii haimhusu msomaji peke yake. Mikocheni yetu imejaa studio za televisheni na redio na vyumba vya habari. Maneno mengi yanayobaki kichwani mwa Mtanzania kuhusu viongozi wake yamepikwa humu. Tulipewa miaka kumi ya mtu tukatoka na jina la utani.

Sehemu ya tatizo imo kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 52 inampa Waziri Mkuu madaraka juu ya udhibiti, usimamizi na utekelezaji wa shughuli za siku hata siku za Serikali, na kumfanya kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Kisha ibara ya 53 inamwajibisha kwa Rais. Kwa hiyo kila jema ni la mkubwa, na kila baya, likipata mtu wa kulibeba, hubebwa na waziri wa sekta. Waziri Mkuu husimama katikati, amebeba mafaili. Enzi za Sumaye hata yale maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi hayakuwepo. Yalikuja na Kanuni za Bunge za mwaka 2007, akiwa amekwisha kuondoka. Ni vigumu kumkumbuka mtu ambaye utaratibu haukuwahi kumtaka asimame ajibu yeye mwenyewe, bila karatasi, mbele ya nchi.

Lakini kuna saini zake. Ndiyo maana tumechagua kuanza na Juni 1996.

Mwezi huo Waziri Mkuu, ambaye serikali za mitaa zilikuwa chini yake, aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 46, mwanafunzi wa zamani wa Egerton kule Kenya, mbunge wa Hanang, na miezi saba tu katika kiti. Waliokuwepo wanakumbuka mji ulivyokuwa: taka zikirundikana hadi zinageuka vichuguu, mashimo barabarani, mitaro iliyoziba, kipindupindu kikija na kila masika. Mahali pa madiwani akaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ikapanua uzoaji taka wa kampuni na vikundi binafsi, ikakazana kukusanya mapato, ikakarabati barabara. Kazi ilionekana. Keenja mwenyewe alikwenda kugombea Ubungo mwaka 2000 na wananchi wakampeleka bungeni, jambo ambalo si kawaida kwa mtu aliyetumwa kuwatoza ada.

Upande wa pili wa hesabu hauelezwi sana. Tume ilitarajiwa kukaa kwa muda mfupi, ikakaa hadi mwanzoni mwa 2000. Kwa zaidi ya miaka mitatu mkazi wa Manzese, wa Mbagala au wa hapa Mikocheni hakuwa na diwani wa kumuuliza fedha zake zimekwenda wapi. Vibanda vilibomolewa, wamachinga wakafukuzwa, na hakuna aliyekuwa na kura ya kumwadhibu yeyote kwa hilo. Ilipoondoka Tume, zikazaliwa manispaa tatu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Manispaa ambayo leo inatutumia bili na kutupimia mipaka ya viwanja ilitokana na uamuzi ule. Na Jiji lenyewe likavunjwa tena Februari 2021, safari hii na Rais John Magufuli, kwa sababu nyingine na bila mjadala mwingi. Mwandishi wetu mmoja anahoji kwenye kurasa za mbele kwamba la 1996 ndilo lililotuzoesha kuona kuvunjwa kwa baraza la kuchaguliwa kama kazi ya kawaida ya utawala. Sikubaliani naye kabisa, kwa kuwa halmashauri ile ilikuwa imejivunja yenyewe muda mrefu kabla ya barua kufika. Lakini nimemwachia nafasi yake yote.

Kuna watakaosema kwamba hakuna waziri mkuu anayevunja Jiji bila baraka za Ikulu. Kweli. Ila wenye hoja hiyo waitumie pande zote. Kama Mkapa ndiye mwenye kufuta ada za shule za msingi, uamuzi ambao pamoja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) uliipandisha idadi ya wanafunzi kutoka chini ya milioni 5 hadi zaidi ya milioni 7, na kama Mkapa ndiye mwenye msamaha wa madeni wa 2001, basi tusimtwishe Sumaye peke yake ubinafsishaji wa mashirika, wala lawama za mauaji ya Januari 2001 Pemba na Unguja. Kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni kwa miaka kumi hawezi kuwa hakuwepo siku za sifa, akawepo siku za lawama. Wala kinyume chake, ambacho yeye mwenyewe angekipenda.

Yaliyofuata baada ya 2005 yanajulikana, na tumeyapa kurasa chache kwa makusudi. Aliutaka urais mwaka ule lakini hakuingia tatu bora, walikoingia Jakaya Kikwete, Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Akaenda kusoma Harvard. Mwaka 2012 alishindwa na Mary Nagu kwenye uchaguzi wa ndani wa CCM huko Hanang. Agosti 2015 akahamia UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani kikiwemo CHADEMA, akapoteza shamba la Mabwepande katika awamu ya tano, akaondoka CHADEMA Desemba 2019 baada ya kuukosa uenyekiti wa Kanda ya Pwani ingawa alikuwa mgombea pekee, na Februari 2020 akarudi CCM. Wengi humhukumu kwa safari hiyo. Mimi naona inaeleza zaidi juu ya kiti kuliko juu ya mtu. Tangu Mwalimu Nyerere, hakuna aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wetu akaja kuwa Rais. Kawawa, Msuya, Salim, Warioba, Malecela, Sumaye, Lowassa, Pinda: hakuna hata mmoja. Mtu hutumikia muongo mzima akijenga jina la mwingine, kisha siku ya kuomba kura anagundua kwamba hana lake.

Tulipokuwa tunafunga kurasa, mmoja wetu aliuliza kwa nini tusimngojee Majaliwa tuwaweke pamoja. Tumekataa. Majaliwa alihudumu chini ya marais wawili. Alikaa na wafanyabiashara wa Kariakoo pale Mnazi Mmoja Mei 2023 akasimamisha kikosi kazi cha kodi papo hapo, na Novemba 2024 alisimamia shughuli za serikali baada ya ghorofa kuporomoka kulekule Kariakoo. Kumbukumbu za Bunge zipo, maagizo yake yapo, na walioyatekeleza au kuyapuuza bado wako kazini. Anayetaka kuandika juu yake aanze kuzikusanya sasa. Tutatenga kurasa.