Faini ya tochi imuume kila mtu

Tunaunga mkono faini ya mwendo kasi ipimwe kwa uwezo wa anayetozwa. Tunapinga ipimwe kwa karatasi ya mshahara. Anayesikia hayo kwa mara ya kwanza atadhani tunajipinga, kwa hiyo tueleze.

Hapa Tanzania, dereva wa gari akipigwa tochi anaandikiwa 30,000 papo kwa papo. Kwa mtu anayepata 300,000 kwa mwezi, hiyo ni kazi ya siku tatu. Ataitafuta, pengine atakopa, na wiki nzima nyumbani watajua kuwa baba alikamatwa barabarani. Kwa anayepata milioni tisa kwa mwezi, 30,000 ni sehemu ya kumi ya siku moja. Anailipa kwa simu kabla hajafika mizani inayofuata, kisha anakanyaga tena. Wa kwanza ameadhibiwa. Wa pili amelipia ruhusa ya kukimbia.

Watu wazima wenye akili zao hutujibu kwamba kosa ni moja, basi adhabu iwe moja. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini tazama jela inavyofanya kazi. Mwezi mmoja wa kifungo unamnyang'anya tajiri mwezi mmoja wa maisha yake, na maskini vilevile. Hapo adhabu kweli ni moja. Faini ndiyo inayovunja usawa huo, kwa sababu inahesabu noti badala ya kuhesabu siku ambazo mtu amezifanyia kazi kupata noti hizo.

Finland waliliona hilo mwaka 1921 wakaanza kuhesabu faini kwa siku. Mpaka leo, dereva anayezidisha mwendo kidogo analipa kiwango kimoja na wenzake wote. Akizidisha zaidi ya kilomita 20 kwa saa, hesabu inabadilika. Uzito wa kosa unaamua idadi ya siku, na kipato chake baada ya kodi, kikishatolewa kiasi cha kujikimu na kufikiriwa watoto anaowalea, kinaamua thamani ya kila siku. Kwa kifupi, siku moja ya faini ni kama nusu ya kipato cha siku. Polisi wanasoma kipato hicho kwenye kumbukumbu za kodi.

Juni 2023, mfanyabiashara Anders Wiklöf wa visiwa vya Åland alikamatwa akienda 82 mahali pa 50. Alitozwa euro 121,000 na leseni ikazuiwa kwa siku kumi. Miaka ya nyuma, mkurugenzi wa Nokia, Anssi Vanjoki, alitozwa euro 116,000 kwa kwenda 75 kwa pikipiki penye kibao cha 50 mjini Helsinki. Alipokata rufaa na kuonyesha kuwa kipato chake kilikuwa kimeshuka, faini ilipunguzwa mno. Wanaodhani utaratibu huu ni chuki dhidi ya wenye mali waitazame rufaa hiyo, maana kipimo kilichompandisha ndicho kilichomshusha.

Wiklöf huyohuyo alikuwa amekwisha kutozwa faini kubwa mwaka 2013 na tena 2018. Kwa hiyo tusiwadanganye wasomaji kwamba faini kubwa inamtuliza kila mtu. Haimtulizi. Tunachosema ni kwamba mwendo wa Wiklöf ulimgharimu kiasi anachokihisi, na mwalimu wa Finland aliyeenda mwendo huohuo alilipa kiasi anachokihisi yeye. Huo ni usawa ambao sisi hatuna.

Basi kwa nini tusiuchukue mpango wa Finland kama ulivyo? Kwa sababu kipato kinachoonekana kwa serikali yetu ni cha mwajiriwa. Mwalimu, muuguzi na karani wanakatwa kodi kabla hawajaushika mshahara, na shilingi yao ya mwisho inajulikana. Mwenye maduka manne, mwenye malori, mwenye nyumba za kupangisha, wengi wao wanaeleza kipato wanachotaka kieleweke. Tukipima faini kwa kumbukumbu za kodi, muuguzi atabanwa hadi senti, na mwenye malori atatozwa kama mtu anayebangaiza. Tutakuwa tumeongeza dhuluma ileile tuliyotaka kuiondoa.

Uingereza waliwahi kuteleza hapo. Oktoba 1992 mahakama za England na Wales zilianza kupima faini kwa kipato cha mkosaji, naye ndiye aliyetakiwa kukitaja kwenye fomu. Mtu mmoja ambaye hakukitaja alitozwa pauni 1,200 kwa kutupa pakiti tupu ya krispi. Wananchi walikasirika, na mwaka 1993 utaratibu ukafutwa. Fikra ilikuwa nzuri, ila kipimo kilikuwa karatasi ambayo mtu anaweza kuijaza atakavyo au kukataa kuijaza.

Sisi tuna kipimo kisichojazwa na mtu, nacho ni gari lenyewe. Na Tanzania imekwisha kukitumia. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 serikali ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Ilikubali, tena bungeni, kwamba pikipiki haiwezi kubeba adhabu ya lori. Lakini ngazi hiyo ilijengwa upande wa chini tu. Juu ya bodaboda, kigari cha injini ndogo kilichonunuliwa kwa mkopo wa kikundi na gari la kifahari la mamia ya milioni vimebaki kwenye 30,000 ileile. TRA inajua ukubwa wa injini ya kila gari lililosajiliwa. Ushuru wa kuliingiza nchini unapanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na hakuna anayelalamika kuwa huo ni ubaguzi. Kinachotoza bandarini kinaweza kutoza barabarani.

Kipimo hiki kina kasoro. Yuko mstaafu mwenye Land Cruiser kuukuu, na yuko mkulima ambaye pikapu yake ndiyo mali yake pekee. Hao wapewe njia ya kupeleka hesabu zao mahakamani na kupunguziwa, kama Vanjoki alivyopunguziwa.

Mabasi na daladala ni suala jingine kabisa, na hapa ndipo tunapoumia zaidi. Basi ni ghali, aliyeshika usukani ni maskini. Mara nyingi si mwajiriwa, ni deiwaka aliyepewa gari alfajiri. Jioni lazima ampelekee tajiri hesabu, iwe abiria walikuwepo au hawakuwepo. Hesabu hiyo ndiyo inayokanyaga mafuta. Ndiyo inayomfanya apite kwenye kivuko cha wanafunzi kana kwamba watoto hawapo. Akikamatwa, faini inatoka kwenye posho yake, na tajiri amelala. Kumtwisha dereva huyo faini ya ukubwa wa basi ni kumwonea. Kumwachia tajiri ni kuruhusu mchezo uendelee. Faini kubwa ya gari la biashara iende kwa jina lililo kwenye kadi ya gari, na iwe marufuku kumkata dereva fedha hizo. Tunaamini hesabu nyingi zitashuka zenyewe mwezi wa kwanza.

Vivyo hivyo kwa magari ya umma. Dereva wa serikali hakimbii kwa raha zake. Nyuma yake ameketi mkubwa aliyechelewa kikao na anayetazama saa. Gari la ofisi likinaswa, aliyelipanda kikazi alipe kutoka mfukoni mwake, si kutoka fungu la ofisi. Fedha ya mlipa kodi isitumike kulipia haraka ya kiongozi.

Kuna hofu moja tunayoikubali yote. Faini ikipanda, rushwa hupanda nayo. Askari aliyesimama juani na daftari, mbele ya mtu anayedaiwa milioni moja, yuko kwenye jaribu ambalo sheria haina haki ya kumpa. Kwa hiyo faini za viwango vya juu zisiandikwe kwa mkono kando ya barabara. Kamera ipige picha, mfumo utoe namba ya malipo, deni lifuate gari. Pasipo hilo, tunaomba mpango wote usianze.

Na mwendo wenyewe upewe ngazi. Kenya, tangu kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, aliyezidisha kilomita sita hadi kumi anatozwa shilingi 500 za huko, na aliyezidisha 16 hadi 20 anatozwa 10,000. Karatasi yetu ya papo kwa papo haitofautishi 58 na 98 mahali pa 50. Anayepitiliza kidogo kwenye mteremko abaki na faini ndogo, awe yeyote. Ngazi ya gari ianze kwa aliyevuka 20, kwa sababu huyo hakupitiwa, aliamua.

Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lililo kwenye 65 yuko katika hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi ya anayegongwa na lililo kwenye 50. Ni tofauti ya kilomita 15, ambayo kwenye usukani wa gari kubwa na tulivu dereva haisikii hata kidogo. Anayeisikia ni mama anayevuka Chalinze na ndoo ya matunda kichwani. Yeye hana mkanda, hana mfuko wa hewa, na mara nyingi hana bima. Barabara zetu nyingi kuu zimepita katikati ya vijiji na masoko, na watu hao hawana pengine pa kuvukia.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Tunaitaka Wizara ya Mambo ya Ndani ipeleke bungeni marekebisho yenye mambo manne: ngazi ya mwendo, ngazi ya gari, faini ya gari la biashara kwa mmiliki, na kamera badala ya daftari. Wabunge watakaoujadili muswada huo wengi wao wanapanda magari yatakayoguswa na viwango vya juu. Tunawaomba waupitishe hivyo hivyo.