Boksi la Spika Halishikwi na Bei ya Gundi

Pita kwa mafundi seremala wa Mbuba, shuka Ngara mjini, au vuka uende Biharamulo, uulize kwa nini sabufa ya fulani inakoroma. Utajibiwa papo hapo: gundi ilikuwa dhaifu. Mteja mwenye hela ataagiza epoksi ya mirija miwili. Asiye nazo ataongeza supagluu kwenye kona. Wote wawili wataondoka wakiamini wamenunua besi. Huu ni uzushi, na unawalia watu fedha zao.

Tupige hesabu. Chukua boksi lililozibwa la lita 50, lenye spika ya inchi 12. Koni yake ina eneo la kama sentimita za mraba 500. Ikiingia ndani milimita 10, inabana nusu lita ya hewa, yaani asilimia 1 ya hewa yote, na shinikizo la ndani linapanda kwa asilimia 1.4 hivi. Kwenye ubavu wa sentimita 40 kwa 40, huo ni msukumo wa kilo 23. Huku kwetu milimani, ambako hewa ni nyepesi, haufiki hata hapo. Ugawe kwenye maungio ya pande zote nne za ubao wa milimita 18: kila sentimita ya mraba ya gundi inabebeshwa chini ya gramu 100. Sasa linganisha. Kiwango cha Ulaya cha gundi za mbao, EN 204, kinadai kiungo kikavu kivumilie si chini ya kilo 100 hivi kwa sentimita ya mraba kinapovutwa kwa ubapa, na gundi nyeupe za kawaida zinapita mtihani huo. Ubao wa MDF wenyewe ukiuvuta uso kwa uso unachanika katikati kwa kilo chache tu kwa sentimita ya mraba. Basi ile epoksi inaongeza nguvu ya kuzuia nini?

Kinachoharibu boksi ni upenyo. Mmarekani Edgar Villchur alipotoa spika yake ya AR-1 mwaka 1954, aliifanya hewa iliyofungiwa ndani kuwa springi ya koni. Springi hiyo haifanyi kazi ikiwa hewa inatoroka kwenye kona, na mahali inapotorokea ndipo panapopiga mluzi na kukoroma. Epoksi ina sifa moja ya kweli hapa: inajaza nafasi. Kwa hiyo fundi anayesema hawezi kufunga boksi bila epoksi anakueleza habari za msumeno wake.

Kingo zikiwa zimenyooka, gundi nyeupe inahitaji kubanwa tu. Paka pande zote mbili. Ukingo wa MDF unafyonza mno, hivyo uupake kwanza mkono mwepesi, uache unywe, kisha urudie. Kaza kwa klampu, au kama huna, kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa vikazungushwa boksi zima. Acha saa moja, na usiweke spika mpaka siku ipite. Misumari haichukui nafasi ya klampu: nyundo inayumbisha kiungo ambacho gundi yake ndiyo kwanza inaanza kushika. Na usipake juu ya rangi wala vanishi, maana hapo umegandisha rangi, hukugandisha mbao.

Halafu kuna mbao zenyewe, na hapa lawama inatupiwa gundi bila kosa lolote. Mtu ananunua mbao za mkaratusi au paini mbichi katikati ya masika, anaunda boksi Aprili, analipaka rangi likapendeza. Kiangazi cha Julai kinafika, mbao zinakauka na kusinyaa, kona zinaachana. Anarudi kwa fundi na kesi ya gundi! Hakuna gundi, ya bei yoyote, inayouzuia ubao kusinyaa. Ubao ukauke kwanza, kivulini, wenye vijiti kati ya mmoja na mwingine ili upepo upite. Au tumia plaiwudi, ambayo matabaka yake yamepishana na hivyo haichezi ovyo.

Supagluu nayo ni ngumu lakini hukatika ghafla ikigongwa, na boksi linalosafirishwa juu ya bodaboda kwenda harusini linagongwa safari nzima. Gundi ya viatu inabaki laini kama mpira: inafaa kubandika zulia la nje ya boksi, basi.

Nitakubali mambo mawili. Gundi nyeupe ya kawaida inalegea kwenye joto kali, kwa hiyo boksi la kukaa kwenye gari lililofungwa vioo juani linastahili epoksi inayohimili joto. Na kwa boksi la mikutano ya nje, linaloweza kunyeshewa, tafuta gundi nyeupe ya daraja la D3, isiyolegezwa na maji haraka. Zaidi ya hapo, ile tofauti ya bei ipeleke kwenye ukanda wa sponji wa kuzunguka spika pale inapokaa kwenye tundu lake, na kwenye skrubu nane badala ya nne. Hewa nyingi inayotoroka hutokea hapo, ambapo hakuna gundi hata tone.