VIGARI VYETU SI UTOTO

  Kila mwaka kurasa hizi za jarida letu la Chama cha Kiswahili hujaa makala juu ya dawa za kulevya, nidhamu na umuhimu wa elimu. Hayo ni mema na walimu wetu huyapenda. Mimi leo naomba kuzungumzia jambo ambalo wengi hulicheka: kuunda na kupaka rangi vigari vya mfano. Msicheke kwanza, nisikilizeni.

Kuna watu shuleni humu, tena wa vidato vyote vinne, ambao jioni wakishamaliza kazi ya ziada hukaa chini na katoni, wembe na brashi wakaunda matatu ndogo ya kuweka juu ya meza. Mimi ni mmoja wao. Muhula uliopita kigari cha mwenzangu wa kidato cha pili kilichukuliwa langoni na mwalimu wa zamu, kikawekwa juu ya kabati, na mpaka shule ikafungwa kilikuwa bado kiko pale. Kilikuwa kimemchukua wiki sita. Aliambiwa, "Kijana mzima na ndevu zinaota, bado unacheza na gari?"

Hapo ndipo nataka kuanzia. Kigari cha waya tulichosukuma tukiwa darasa la pili, chenye usukani wa fimbo ndefu na magurudumu ya patipati kuukuu, kilikuwa mchezo, na mchezo mzuri. Lakini kigari cha mfano hakisukumwi. Hupimwa. Mwaka jana tulikwenda steji na futi ya fundi, tukamwomba dereva mmoja mwenye subira atuache tupime Hiace yake akingoja abiria. Tulipata urefu mita 4.7, upana mita 1.7 na kimo karibu mita 2. Kwa skeli ya 1 kwa 20, hiyo ni sentimita 23.5, sentimita 8.5 na sentimita 10. Ukikosea nusu sentimita kwenye kioo cha mbele, kila mtu aliyepanda matatu maishani mwake ataona kuwa kuna kasoro, hata kama hawezi kueleza iko wapi.

Sasa waulizeni wenzangu wa kidato cha tatu ni wangapi walioelewa ile mada ya hisabati ya kidato cha pili, ya maumbo yanayofanana na ukuzaji. Wengi walikariri kanuni, wakafanya mtihani, wakasahau. Mimi niliielewa kwa sababu ya rangi. Urefu ukigawanywa kwa 20, eneo hugawanywa kwa 400, na ujazo kwa 8,000. Tuseme fundi ametumia lita 4 kupaka gari halisi. Kigari changu kitahitaji mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vya chai! Hii ndiyo sababu hatununui mkebe mzima. Tunaomba mabaki kwa mafundi, nao hutupa bila kinyongo.

Ila unene wa rangi haujui skeli, na hapo ndipo wanagenzi wengi huharibu kazi. Rangi ya gari halisi ni nyembamba sana, kama sehemu ya kumi ya milimita. Ukipaka kigari kwa unene uo huo, ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya unene wa milimita mbili. Vipini vya milango humezwa, mistari ya boneti hupotea, na gari huonekana kama limechovywa katika uji. Kwa hiyo tunapaka tabaka jembamba, tunangoja likauke, tunasugua kwa msasa laini, kisha tunarudia. Kabla ya hayo yote, katoni sharti ipakwe gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ili isinywe rangi kama mchanga unavyokunywa mvua. Nyekundu haikai juu ya nyeusi. Itakuwa ya kahawia, utajuta. Itangulize nyeupe chini yake. Na usipake rangi upepo ukivuma kutoka barabarani. Chembe moja ya mchanga yenye milimita moja ni jiwe la sentimita mbili juu ya paa la gari lako!

Kisha michoro. Jamani, michoro ndiyo utamu wenyewe. Vijana wa siku hizi huita matatu iliyopambwa nganya, kaka zetu wa miaka ya tisini waliita manyanga, na sijui watakaokuja wataiita nini. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika mwezi wa Februari mwaka 2004, matatu zililazimika kupakwa mstari wa manjano ubavuni, na michoro mingi ikafutwa. Baadaye michoro ilirudi. Kwa hiyo matatu ya mfano yenye picha na haina mstari, na nyingine yenye mstari mtupu bila picha, hazisimulii wakati mmoja. Shuleni tunafundishwa historia ya Otto von Bismarck na mkutano wa Berlin wa 1884. Sikatai. Lakini magari yaliyowabeba wazazi wetu kwenda kazini yalikatwakatwa yakawa vyuma chakavu, na sijaona mtu aliyeyahifadhi. Mtoto wa kidato cha kwanza (tena msichana, kwa wale wasemao hii ni kazi ya wavulana) ndiye mwenye mkono bora wa herufi katika kundi letu. Aliandika majina ya vituo vyote vya njia yetu kwenye kibao cha upana wa kucha. Alitumia brashi aliyoipunguza nywele kwa wembe zikabaki chache mno.

Wengine husema eti haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli wenzetu wa ng'ambo walianza zamani. Huko London, fundi mmoja wa kampuni ya Lesney aitwaye Jack Odell alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu mwanafunzi kuja na kitu cha kuchezea kikiwa tu kinaweza kuingia katika kiberiti. Baba akamtengenezea kigari cha kushindilia barabara, kidogo cha kutosha humo. Mwaka 1953 vigari vya Matchbox vikaanza kuuzwa, na jina lenyewe maana yake ni kiberiti. Angalieni basi: shule ile haikupiga marufuku, iliweka kipimo tu, na kutokana na kipimo hicho kikazaliwa kiwanda kilichojulikana dunia nzima.

Mwaka uo huo wa 1953 ndipo yalipoanza mashindano yetu ya Safari Rally, wakati huo yakiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiendesha Volvo, kisha 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 halafu mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wote wawili walikuwa madereva wa hapa kwetu. Leo kampuni za Ulaya na Japani huuza mifano ya magari ya Safari, na watu wazima wenye mvi hukaa wakiyapaka vumbi la bandia ili yafanane na yaliyopita kwenye barabara zetu. Vumbi la bandia! Na sisi vumbi lenyewe tunalikanyaga kila asubuhi tukija shule. Tunalichekecha kwa kitambaa cha leso, tunalichanganya na gundi nyepesi, tunalipaka nyuma ya magurudumu ambapo hurukia zaidi, na rangi yake ni ile ile bila kukosea. Je, aliye karibu na kitu hicho ni nani?

Sasa nije kwenye hoja iliyo nzito, kwa maana hii ya utoto ni nyepesi. Mwalimu mmoja alituambia waziwazi kwamba hataki kuona gundi wala thina katika begi la mwanafunzi. Sisi sote tunawaona vijana wa mitaani wenye chupa ya gundi puani. Baadhi yao tulisoma nao shule ya msingi. Mwalimu huyo ana haki kabisa kuogopa, na anayemwita mkoloni hamtendei haki. Mvuke wa thina na wa gundi ya viatu hudhuru ubongo, na kijana anaweza kuanza kwa kazi halali akaishia kwa kuvuta.

Lakini nauliza, marufuku imefanya nini? Wale wapaka rangi hawakuacha. Wamehamia nyumbani, wengi wetu katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, mdogo wake amelala pale pale. Huko ndiko thina inakofunguliwa sasa, na hakuna mtu mzima anayeona. Ikiwa hofu ni mvuke, basi tumeuondoa kwenye uwanja wenye hewa tukaupeleka kitandani.

Gundi nyeupe ya mbao haina mvuke huo wa kulevya. Rangi ya maji, ile ya ukutani, husafishwa kwa maji ya bomba. Kigari kizima kinaweza kuundwa bila tone la thina, na ving'ao tunavyovipenda vikapatikana kwa vanishi ya maji. Ni kweli rangi ya mafuta hung'aa zaidi. Mimi mwenyewe naipenda zaidi. Lakini kama gharama ya kuruhusiwa ni kung'aa kidogo, acha tung'ae kidogo.

Kuhusu muda wa masomo sitasema mengi. Kuna wanaopaka rangi na kufeli, na kuna wasiopaka na kufeli vile vile. Shuleni kwetu somo la Sanaa na Ubunifu halifundishwi, kwa hiyo anayejua kuchora hana kipindi hata kimoja kwa juma cha kuonyesha anachojua. Wazazi wetu waliofanya KCPE miaka ya tisini walitahiniwa Sanaa na Kazi za Mikono. Waulizeni, watawaambia walivyosuka vikapu usiku kucha.

Pendekezo letu si kubwa. Tunaomba baraza iliyo nyuma ya maabara, siku ya Ijumaa wakati wa vyama, saa moja tu. Kitu chochote chenye thina kisipite langoni, na atakayepatikana nacho afukuzwe katika kundi, nasi wenyewe tutakuwa wa kwanza kumtaja. Vigari vikae katika kabati la shule, visizunguke madarasani. Na mwalimu mmoja, yeyote atakayependa, atusimamie. Barua tumeiandika kwa Kiswahili sanifu, tumetia sahihi watu kumi na mmoja, na iko ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu tangu wiki ya tatu ya muhula huu. Ile Hiace nayo iko bado juu ya kabati. Mwenyewe anasema kioo kimoja kimeachana, lakini atakirekebisha akirudishiwa.