Kona ya Mwalimu: Maji Yaliyokwisha Kutumika

Kiangazi kimefika tena. Jerikani zinapanga mstari tangu usiku, na mabinti wanaingia darasani saa nne, wamechoka.

Hata mjini wanasumbuka. Mji wa Arua umetegemea mto Enyau miaka mingi, na mto ukipungua, maji ya bomba yanatoka kwa zamu. Basi wazazi wengine wanatuuliza: maji yaliyotumika yanaweza kutumika tena?

Yanaweza. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi kavu sana, tangu mwaka 1968 wanasafisha maji machafu ya mji mpaka yanafaa kunywa. Lakini Toowoomba, Australia, mwaka 2006, wakuu wa mji walileta mpango kama huo wakati wa ukame mkali. Wananchi wakapiga kura, na zaidi ya sita katika kila kumi wakakataa. Mitambo ya kusafisha ipo duniani. Kilichokosekana pale ni imani.

Sisi hatuna mitambo, tuna beseni. Maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo msimwage njiani. Mwagieni migomba na mipapai, chini kwenye shina. Mboga za kuliwa mbichi, hapana. Maji yasilale mpaka kesho. Yaliyofua nepi au nguo za mgonjwa wa kuhara yasifike bustanini. Na kunywa, hapana kabisa, hata mkiyachemsha.

Tena kuna neno moja gumu. Kiwango cha UNHCR ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Beseni lisitufanye tunyamaze tukipata chini ya hapo. Wenyeji nao wanachota bomba moja na sisi, na kiu yao ni kiu kama yetu. Kwa hiyo kwenye kamati ya maji wakae wenyeji na wakimbizi, kina mama wawemo, na zamu zisomwe mbele ya watu wote. Maji kidogo yakigawanywa wazi, watu wanavumilia. Yakigawanywa kwa siri, ugomvi unaanza bombani na unaishia majumbani.

Nanyi kina baba, jerikani si ya mama na binti peke yao. Binti akipumzika siku mbili kwa wiki, tutamwona darasani mapema.

Tuonane mwezi ujao.