Usimeze Vidonge vya Kupevusha Mayai Kabla ya Kupima

Dada unayetafuta mtoto, ukiambiwa "ni homoni tu, kanunue Clomid", usiende dukani. Wengi wameshakwenda. Muuzaji anakata vidonge vitano kwa mkasi, anavitia kwenye bahasha ya khaki, anaandika 1x1, basi. Haulizi hedhi ya mwisho ilikuwa lini, wala kama tayari una mimba.

Dawa hiyo, klomifeni, huizuia estrojeni isitambulike kwenye ubongo. Ubongo unadhani estrojeni imepungua, unatoa homoni zaidi za kuchochea ovari, na mayai yanakua. Kwa mwanamke ambaye yai lake halipevuki, ni msaada wa kweli. Lakini haizibui mirija iliyozibwa na maambukizi ya zamani, wala haiongezi mbegu za mume. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo lipo pia kwa mwanamume, na kipimo chake ni chepesi kuliko vyote. Inaniuma kuona mke akimeza dawa miezi na miezi huku mume hajapimwa hata mara moja.

Hata vipimo vina mtego. Projesteroni, homoni inayoonyesha kama yai limepevuka, hupimwa takriban siku saba kabla ya hedhi inayofuata. "Siku ya 21" ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku hiyo, huenda akaambiwa yai halikupevuka kumbe wakati wake haujafika, kisha akaanzishiwa dawa asiyoihitaji. Mwambie daktari mzunguko wako ni wa siku ngapi. Akupime pia mimba, thairoidi na prolaktini, na azitazame ovari kwa ultrasound. Kama una PCOS, yaani tatizo la homoni linaloweza kuzuia mayai kupevuka, muulize kuhusu dawa ya letrozole, maana mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unaitanguliza mbele ya klomifeni.

Usiongeze dozi kwa sababu mwezi wa kwanza umepita bure, na usiimeze kwa kutamani mapacha. Mimba ya mapacha huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati, shinikizo la damu na kutokwa damu nyingi.

Kama umeshameza na unaona ukungu au vimulimuli, acha leo hii, umwone daktari. Tumbo likivimba na kuuma, ukitapika, pumzi ikibana au mkojo ukipungua, nenda hospitali sasa hivi, hata usiku. Chukua na ile bahasha, useme wazi ulimeza vingapi na lini.